Viza ya Mwanafunzi ni Ahadi, na Ahadi ni Deni



Kila mwaka, ikaribiapo miezi ya Agosti na Septemba, hutujia hapa madrasani vijana waliopata nafasi za masomo katika nchi za mbali. Huja pamoja na mama zao kutaka dua, nasi huwasomea Fatiha na kuwausia wasiache Sala, wajiepushe na ulevi na zinaa, na wachague marafiki wema. Wasia huo ni mwema, wala hatutauacha. Lakini kuna wasia mmoja ambao kwa miaka mingi hatukuutoa, kwa kuwa hatukuujua, na kwa kutoutoa kwetu kijana mmoja wa mtaa wetu alipata khasara kubwa. Wasia huo ni kwamba mwanafunzi aishike viza yake, yaani akae katika nchi ya watu kwa masharti yale yale aliyoyakubali alipoomba kuingia.

Twajua wako watakaosema, "Maalim wa madrasa na mambo ya viza, wapi na wapi?" Twawajibu kuwa yeyote mwenye kufundisha watoto kutimiza ahadi ana haki ya kusema juu ya viza, kwani viza ni ahadi iliyoandikwa. Na khabari tutakayoisimulia, sisi wenyewe tumo ndani yake, wala hatumo upande wa wenye haki.

Jina la kijana huyo tunalisitiri. Tulimfundisha tangu alif mpaka akakhitimu juzuu thelathini, na katika shule ya serikali alisifiwa kwa hesabu. Mwaka 2022 alikubaliwa na chuo kikuu kimoja katika mji wa kaskazini mwa Uingereza, kusomea uhasibu kwa miaka 3. Chuo kilimpunguzia karo, na iliyobaki aliahidi kuilipa mjomba wake aliyeko Muskati. Ikabaki fedha ya kula na kulala.

Serikali ya Uingereza wakati ule ilimtaka mwanafunzi asomaye nje ya London aonyeshe kuwa anazo pauni 1,023 kwa kila mwezi, kwa miezi 9, yaani pauni 9,207, nazo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Kiasi hicho kimekwisha kupandishwa tangu hapo. Kwa fedha za kwetu hizo zapita shilingi milioni 20, na mama wa kijana ni mjane auzaye vitumbua asubuhi. Basi tukakaa barazani baada ya Sala ya Isha, sisi tukiwa mbele, tukawaomba wenye maduka na jamaa waazime fedha ziwekwe katika akaunti ya mama, zihesabiwe siku zake, kisha ziwarudie wenyewe. Zikawekwa, na siku 28 zikatimia. Kijana akapata karatasi ya benki, akaomba viza, akapewa. Na kabla hajapanda ndege kila mwenye fedha alikuwa amekwisha kurudishiwa chake. Tulimshukuru Mungu tukachinja mbuzi. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza, "Je, karatasi ile ilisema nini?" Ilisema kuwa kijana huyu anacho cha kula kwa miezi 9. Naye hakuwa nacho.

Ndugu wasomaji, hapo ndipo kosa lilipoanzia. Halikuanzia Uingereza, lilianzia Tanga, juu ya baraza ya msikiti.

Alipofika huko alipata kazi ya halali katika bohari moja. Mwanafunzi wa shahada katika nchi ile huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, wala si zaidi. Wakati wa likizo huweza kufanya kazi kutwa nzima. Mwaka wa pili kijana alikuwa na umri wa miaka 21, na kima cha chini cha ujira kwa umri huo, kuanzia Aprili 2023, kilikuwa pauni 10 na peni 18 kwa saa. Na tuifanye hesabu hii ambayo ni ya darasa la nne tu, nasi twaona haya kuwa hatukuifanya siku zile. Saa 20 zampa pauni 203 na peni 60 kwa wiki. Chumba chake kilikuwa pauni 120 kwa wiki. Zilizobaki ni pauni 83 na peni 60, na humo atoe chakula, nauli, simu, nguo za baridi na vitabu. Je, humo mlikuwa na cha kumpelekea mtu?

Lakini sisi tuliobaki nyumbani tulikwisha kumhesabu kuwa ni tajiri. Mama alitaka karo ya mdogo wake. Dada yake aliposwa, akaombwa vyombo vya nyumba. Jamaa walioazima fedha walimwandikia kumkumbusha fadhila yao, kwani watu husema mkono mtupu haulambwi. Nasi, Maalim wake, hatukuwa nyuma. Mvua za vuli za mwaka 2023 zilikuwa kubwa sana, na paa la madrasa yetu likawa kama chekecheke. Tukawapiga picha watoto wamekaa juu ya mikeka iliyolowa, tukampelekea picha hiyo kwa simu pamoja na sauti yetu, tukamwambia kuwa sadaka yenye kuendelea haipotei. Mwezi wa Januari 2024 zikaja pauni 600, karibu shilingi milioni 2. Tukanunua bati. Tukamwombea dua mbele ya watoto wote, nao wakaitikia amina.

Hatukumwuliza fedha zile amezipataje.

Usiku mmoja wa mwezi wa Mei mwaka ule alitupigia simu. Baada ya salamu akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, nimepewa siku 60 niondoke. Wenzangu waniambia nizame London, wapo watu wa kwetu watakaonificha. Nirudi au nizame?"

Tukamwambia, "Mwanangu, kabla hatujakujibu, tuambie kweli. Zile fedha za bati ulizipata wapi?"

Akatwambia yote. Huko kuna kampuni ambazo watu huagiza chakula kwa simu, na wapanda baiskeli hukichukua mahotelini na kukipeleka majumbani. Mpanda baiskeli wa namna hiyo kwa kawaida hahesabiwi kuwa mwajiriwa, bali ni mtu aliyejiajiri mwenyewe, na viza ya mwanafunzi yakataza kujiajiri na kufanya biashara hata kwa saa 1. Kwa hiyo hakuweza kujiandikisha kwa jina lake. Akakodi akaunti ya mtu mwingine kwa malipo ya kila wiki, akawa azunguka mitaani usiku katika mvua na barafu kwa jina lisilo lake. Alfajiri husali, kisha hulala kama gogo, na darasa likampita. Chuo kikamwandikia mara ya kwanza na mara ya pili. Hakujibu, kwa haya. Na chuo katika nchi ile ndicho mdhamini wa viza ya mwanafunzi. Sheria yakilazimisha kumwangalia kama ahudhuria, na kama hahudhurii kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani. Chuo kikaondoa udhamini wake, na Wizara ikafupisha muda wake wa kukaa ukawa siku 60. Ule upandaji wa baiskeli hawakuujua. Walichokiona ni kiti chake kitupu darasani.

Tukakaa kimya na simu sikioni. Ulimi ulikuwa mzito kwetu, kwa kuwa tuliona kuwa bati lililo juu ya vichwa vyetu limetoka katika usiku ule. Mwishowe tukamwambia, "Rudi, mwanangu. Rudi kabla siku hazijakwisha. Aibu ya kurudi mtaichukua wewe na sisi pamoja. Lakini ukizama utakuwa peke yako."

Alirudi mwezi wa Julai, siku 11 zikiwa zimebaki. Hakuja na shahada. Wako watu mtaani waliomcheka, na wako waliotulaumu sisi kwa kumwita. Mama yake hakusema neno lolote kwa wiki nzima, na kimya hicho kilikuwa kizito kwetu kuliko maneno ya wote.

Tulimwendea aliye mjuzi zaidi yetu katika fikihi, tukamwuliza lipi litupasalo juu ya bati lile. Alitwambia kuwa kubeba chakula si haramu kwa nafsi yake. Ubaya ulikuwa katika ahadi iliyovunjwa na jina lililoazimwa, na hilo kijana alitubie. Kisha akatutazama, akasema, "Na nyinyi mliomsukuma, mrudishieni fedha zake." Ndivyo tunavyofanya. Kila mwisho wa mwezi twampelekea kidogo katika ada tuipatayo. Hatujamaliza.

Basi sasa na tutazame jambo lenyewe katika dini yetu.

Vijana wengi husema, "Hizo ni sheria za makafiri, hazitufungi. Tena wao ndio waliotutawala wakachukua mali yetu. Tukiwadanganya kidogo pana dhambi gani?" Haya ni maneno matamu kwa nafsi, lakini hayana msingi. Mkoloni alifanya aliyoyafanya, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Sahihi iliyo chini ya ombi la viza haikutiwa na mkoloni, ilitiwa na sisi. Sura ya Al-Maida huanza kwa kuwaamuru waumini watimize mapatano yao, wala haikubagua mapatano na Mwislamu na yale ya asiyekuwa Mwislamu. Imamu Shafi, ambaye watu wengi wa mwambao wetu hufuata madhehebu yake, ameandika katika kitabu chake Al-Umm kuwa Waislamu wakiingia katika nchi ya maadui kwa amani waliyopewa, basi maadui hao nao wamo katika amani kwao mpaka watoke au muda wa amani uishe, wala si halali kuwadhulumu wala kuwafanyia khiyana. Hayo ni kwa maadui wa vita. Sembuse nchi iliyompa mtoto wetu kiti cha kusomea?

Na tukumbuke kisa cha Hudhayfa bin Al-Yaman, Mwenyezi Mungu amridhie, kilichopokewa katika Sahih Muslim. Yeye na baba yake walikamatwa njiani na Makureshi, wakaachiliwa kwa ahadi kuwa wakifika Madina hawatapigana pamoja na Mtume. Wakamweleza Mtume, rehema na amani zimshukie. Ilikuwa ni wakati wa vita vya Badri, Waislamu wakiwa mia tatu na kidogo mbele ya jeshi la watu wapatao elfu, na kila upanga ulihitajiwa. Juu ya hayo Mtume aliwaambia waondoke na waitimize ahadi waliyowapa Makureshi, na msaada utaombwa kwa Mwenyezi Mungu. Ikiwa haja ya Badri haikuhalalisha kuvunja ahadi, basi vyombo vya harusi vitahalalisha? Bati la madrasa litahalalisha?

Baada ya kujua hayo, na tuwaambie vijana wetu yale ambayo sisi hatukumwambia wa kwetu. Tunatoa mfano wa Uingereza kwa kuwa ndiko tulikojifunzia kwa uchungu.

Kwanza, soma masharti yako kabla ya kuondoka, uyajue kama ujuavyo nguzo za Sala. Hapo zamani yaliandikwa katika kadi. Kadi hizo zimeondolewa. Muda wake ulikoma mwisho wa mwaka 2024, na sasa idhini ya kukaa huonekana katika akaunti ya serikali mtandaoni. Ukibadilisha pasi yako, iandike pasi mpya katika akaunti hiyo. Na ukihama nyumba, kiarifu chuo.

Pili, hudhuria darasa. Umeruhusiwa kuingia kwa ajili ya kusoma, na kazi ni nyongeza tu. Ukiugua, au ukafiwa, au fedha ikakatika, usinyamaze kwa haya kama alivyonyamaza wa kwetu. Nenda chuoni mapema. Vyuo vikuu vingi vina watu waliowekwa kuwashauri wageni bila ya malipo, na vingi vina fungu la kuwasaidia wanafunzi waliopatwa na shida. Mwenye haja ya kusimamisha masomo kwa muda huelezwa njia ya halali ya kufanya hivyo. Aombaye msaada mlango ungali wazi si sawa na aombaye umekwisha kufungwa.

Tatu, hesabu saa zako. Saa 20 maana yake ni jumla ya kazi zote za wiki, tangu Jumatatu hata Jumapili, na wale wasomao chini ya daraja ya shahada huruhusiwa saa 10 tu. Usijiajiri, usifungue biashara, wala usikodi jina la mtu. Anayefanya kazi kwa jina la mwingine amevunja sharti la viza na amesema uwongo, na akiumia barabarani hana wa kumtetea.

Nne, jua siku ya mwisho wa ruhusa yako, na uiandike mahali utakapoiona kila siku. Ukitaka kuongeza muda, omba kabla siku hiyo haijafika. Mwenye kuomba mapema kwa njia iliyo sawa, ruhusa yake ya kwanza huendelea pamoja na masharti yake mpaka apate jibu. Mwenye kukaa kwa makusudi baada ya muda kwisha afanya kosa la jinai chini ya sheria yao ya mwaka 1971, na aweza kukatazwa kurudi kwa mwaka 1 au zaidi, hata miaka 10 kwa aliyefukuzwa au aliyedanganya.

Tano, usichukue fatwa ya viza kwa rafiki wa chumba kimoja. Katika nchi ile hata sheria haimruhusu kila mtu kutoa ushauri wa uhamiaji, waulize walioidhinishwa.

Nchi nyingine zina masharti yao. Marekani, kwa mfano, mwenye viza ya F-1 huruhusiwa saa 20 wakati wa masomo, lakini ndani ya chuo chake. Na akitaka kupunguza masomo hana budi kupata kwanza idhini ya mkuu anayehusika chuoni. Kila aendako mtu, na aulize ya huko.

Ama nyinyi wazazi na jamaa, kwenu tuna neno zito zaidi, nasi twajiambia wenyewe kabla yenu. Msimpeleke mtoto kwa fedha za kuonyesha. Kama hamna, semeni hamna. Ngojeni mwaka mmoja, mtafute ufadhili, au asome hapa nchini, kwani elimu haiko ng'ambo peke yake. Fedha ya kuazima hukaa benki siku 28, lakini mtoto hukaa huko siku elfu na zaidi, na kila siku atataka kula. Akisha kufika, msimwombe. Muda wa masomo yake mchukulieni kama mgonjwa aliye hospitali: twampelekea, hatumtoi. Na akikutumieni kitu pasipo kuombwa, mwulizeni kwa upole amekipataje. Swali hilo moja, lau tungaliuliza sisi mwezi wa Januari, pengine kijana yule leo angekuwa na shahada yake.

Sasa anasoma uhasibu hapa nchini, ameanza mwaka wa kwanza upya. Bado hutuamkia kwa adabu ile ile, lakini hakai nasi barazani kama zamani, wala hatumlaumu. Mwaka huu walipokuja vijana wawili kutaka dua ya safari, tulimwomba awaeleze masharti ya viza, kwa kuwa ayajua kuliko sisi. Alikuja, akawaeleza kwa saa nzima chini ya bati lile. Mmoja wao alimwuliza kama kweli lazima kuyafuata yote. Akamjibu, "Ukianza kuficha moja, utaficha yote mpaka jina lako."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio ugenini, awape riziki ya halali iwatoshayo, awajaalie wawe watimizaji wa ahadi na ushahidi mwema wa dini yao mbele za watu. Na atusamehe sisi wazee tuliowabebesha mizigo isiyokuwa yao, atuwezeshe kulipa madeni yetu kabla ya kuitwa. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.